Msimamizi na Mama Mkwe Wake

Anitha, upo? Hawa watu wamenichosha.

Ile hoteli ya Tanga imerudisha matenga sita ya nyanya. Juu nzuri, chini zimeoza. Wakirudisha tena wanahamia kwa mwingine, wameshasema.

Nikamwita Yusra, yule binti niliyempa usimamizi wa wachambuaji wa nyanya. Nikamfokea mbele ya watu, ulikuwa unaangalia nini?

Akainama. "Niliziona, dada. Ila alizipanga mama Mwanahawa."

Kwa hiyo?

"Ni mama mkwe wangu."

Mama mkwe wake. Miezi miwili hakuna aliyeniambia. Kila asubuhi anampigia goti na kumwamkia shikamoo, halafu eti ndiye akamwambie arudie kazi.

Nikasema basi, naenda mwenyewe, bosi ni mimi. Nimeingia bandani pale Lukozi nimefura kwa hasira. Mama akainua kichwa. Mdomo wangu wenyewe ukasema shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Kaa ule."

Nimekula makande, Anitha. Na nikaongezwa. Nyanya sikuzitaja hata kidogo.

Nageuka, Yusra kasimama mlangoni ananitazama. Afadhali angesema kitu.