Fundi wa Maboksi

Dada mpendwa,

Huku nyumbani hatujambo. Mama anakusalimu, na bati la jikoni bado linavuja.

Siku ile ulipokuja na wenzako wa chuo kikuu kupima darasa letu, nilifurahi mno. Ulitueleza kwamba shule za pwani zinafaa kuinuliwa juu ya nguzo na milango ifunguke kwa nje, ili bahari ikifurika maji yapite chini na watoto watoke upesi. Ukauliza, "Nani atanishikia tepu?" Nilitaka sana, lakini aibu ikanizidi. Mwenzangu wa dawati, yule mwenye mdomo, akaruka: "Mimi hapa, dada!" Ukacheka, ukamwambia, "Haya Fundi, kaza hapo."

Fundi! Jina hilo ulinipa mimi, tulipokuwa tukijenga nyumba za maboksi uvunguni mwa kitanda. Sasa darasa zima linamwita hivyo, naye anaitika bila haya. Dada, nina wivu. Mwite Injinia, mwite hata Profesa, ila si hilo.

Mkirudi kupima msingi, uliza tena nani atashika tepu. Usinitazame, uliza tu. Najizoeza kuinua mkono mbele ya kioo.

Mdogo wako,
Fundi (yule wa kwanza)