Firigisi ya Bata Mzinga

Jumapili. Manyunyu tangu misa ya kwanza, na njia zote za mtaa wetu wa Kasha ni matope.

Leo sikubaki na wenzangu wa kwaya. Nilirudi moja kwa moja, nikafunga kitenge kiunoni, nikawasha mbabula, jiko letu la makaa. Shemeji yangu anayekaa Katana alikuwa anakuja kuchukua jibu.

Tangu mume wangu afariki, mdogo wake huyu huja kila mwezi kutuangalia. Mwanzoni nilishukuru, maana kwenye matanga alitusaidia kweli. Lakini safari iliyopita alisema atahamia hapa na familia yake, mimi na binti zangu wawili tuende chumba cha nyuma. Eti nyumba haikai bila mwanaume. Nyumba ambayo mawe ya msingi wake niliyabeba mwenyewe, nikiwa na mimba ya binti yangu Furaha!

Wiki nzima nimeogopa. Hata kazini, jikoni kwenye hoteli moja karibu na ziwa, nilitia chumvi mara mbili kwenye sufuria moja.

Huko hotelini ndiko nilikojifunza mchuzi wa leo. Maharage niliyaloweka jana. Vipande vya bata mzinga, dindo kama tunavyomwita hapa, nilivikaanga mpaka vikawa vyekundu, nikatia vitunguu, seleri na nyanya, kisha nusu glasi ya divai. Harufu kali ilipopungua, nikamimina maharage pamoja na maji yake, nikapunguza makaa, nikayaacha yachemke taratibu. Mpishi wetu mkuu anasema chakula hiki kinataka divai nyekundu nyepesi, maana nzito inaufunika mchuzi. Nilinunua chupa moja.

Mama yangu angenigombeza. Mgeni unampa maharage? Ndiyo, maharage. Nilitaka ale chakula cha nyumba yangu kama tunavyokila sisi.

Nilipokoroga, firigisi ikaibuka juu. Huku kwetu kila mtoto anajua firigisi ni ya baba wa nyumba. Na mimi, tangu matanga, kila nikichinja, nimekuwa nikimwekea Shemeji kwenye sahani. Hakuna aliyenituma.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba nyumba ni yake.

Hilo liliniuma kuliko maneno yake yote.

Alifika saa saba. Nikapakua, nikammiminia divai, nikajimiminia na mimi. Akachokora sahani yake, akatazama bakuli, akachokora tena.

"Maman Furaha, hii dindo haikuwa na firigisi?"

"Ilikuwa nayo, Shemeji. Iko hapa kwangu."

Nikaikata vipande vitatu. Kimoja nikala mbele ya macho yake, viwili nikawapa binti zangu. Furaha alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa, ndipo akatafuna.

"Nani alikufundisha ile?" akauliza Shemeji.

"Mimi njo mwenye nyumba. Kula, karibu siku zote. Kuhamia, hapana."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, ya adabu, yenye mizunguko. Yalinitoka hayo tu.

Hakupiga kelele. Alikula, kisha, mniamini msiniamini, akasogeza sahani aongezewe maharage. Hasira ni hasira, mchuzi ni mchuzi. Na divai kweli iliendana nao, ingawa mimi niliionja vizuri baada ya yeye kuondoka.

Mlangoni alisema, "Tutaona mu famille."

Basi, hao wa familia nao waone. Najua wataitana Katana, na najua watakaosema nimekuwa na kichwa kigumu kwa sababu ya mshahara wa hoteli. Sina hakika hata mama yangu atasimama upande wangu.

Karatasi za kiwanja nimeshazitoa sandukuni, ziko kwenye mkoba. Kesho kabla ya kazi nazipeleka kwa shefu wa kata, mkuu wa mtaa wetu, azione na aandike jina langu na majina ya binti zangu.

Bado naogopa. Nitaenda hivyo hivyo.