Vidole Viwili vya Kivuli

Baba,

Rehema za Mungu zikufikie hapo ulipo. Leo sikuandikii ili nilie, ingawa nimelia vya kutosha na Mama ni shahidi. Bagamoyo iko kama ulivyoiacha: wapagazi wamejaa njiani na pembe zao, kengele ya mapadri inalia kwa saa zao. Ila nina habari nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Nimevipata vile vidole viwili.

Wakumbuka vilivyotutesa. Kila adhuhuri ulitoka uani ukakipima kwa nyayo kivuli cha ile boriti ya mkoko uliyoisimika pale, kisigino kwa kidole, nami nikiandika daftarini, ili watu wa mtaa wetu waujue wakati wa sala ya alasiri mwaka mzima. Kipupwe cha kwanza kivuli kilifika nyayo nne kamili. Kipupwe kilichofuata, siku ileile, nyayo nne kasoro vidole viwili. Boriti ilikuwa ileile, na jua halibadilishi njia. Ukasema, "Basi ni macho yangu, Zuhura." Ukawarudisha makwao wanafunzi wako wa falaki, elimu ya jua na nyota, eti asiyeona vizuri hana haki ya kumwonyesha mwingine. Hilo liliniuma kuliko ugonjwa wako. Na siku ile ya mwisho ukaniambia, "Vitafute."

Nimevitafuta, Baba. Nilishuku boriti imedidimia, nikaipima kwa shibiri: haijapungua. Nikashuku ua umeinama, nikamwaga maji nione yataelekea wapi. Yakazama palepale mchangani, hayakuelekea popote.

Matanga hayajapoa, Mama akaniletea wasichana sita wa mtaani niwafundishe kusoma. Nikakataa. Nikamwambia mshika mawili moja humponyoka. Akacheka: "Wewe umeshika moja, na hilo nalo limekuponyoka." Unamjua Mama. Nikakubali kwa hasira, nia yangu wakimaliza Juzuu Amma tu niwarudishe kwao, nibaki na boriti yangu.

Juzi adhuhuri waliniona napima, wakataka nao. Nikawaachia ili waninyamazie. Mchanga ulikuwa wa moto, wakawa wanarukaruka na kupiga kelele. Mwanaidi, yule mtundu wao, alipima peku akapata nyayo sita. Akaenda kuvaa makubadhi asiungue, akarudia, safari hii sita hazikutimia. Wenzake wakamzomea kwamba ni mwongo. Akajibu huku analia, "Mwalimu, mguu ni uleule! Kiatu ndicho kirefu!"

Baba, nilikaa chini palepale juani.

Wewe hukuwahi kupima peku. Nani angeweza, mchanga ule? Na mwaka wa pili ulikuwa na makubadhi mapya, yale aliyokuletea ami kutoka Lamu, uliyoyasifia mpaka Mama akaona wivu. Nikayatoa sandukuni. Ya zamani nikayakuta jikoni nyuma ya kuni, maana Mama hatupi kitu. Nikayalaza pamoja. Mapya yamezidi kwa nusu kidole. Nusu kidole mara nne, Baba. Hesabu hiyo hata Mwanaidi aliiweza.

Macho yako hayakuwa na kosa lolote. Nimetamani mno kukwambia hivyo. Ungecheka ukakohoa, ukayarusha makubadhi hayo kisimani.

Lakini acha nikuseme kidogo, mtoto anaruhusiwa. Siku ile uliyowarudisha wanafunzi wako ndiyo siku uliyojifungia na kosa lako. Kijana mmoja mbishi angetosha. Nami nilikuwa mbioni kufanya vilevile, nikidhani kwamba ndiyo heshima kwako.

Basi wasichana hawaendi popote. Kesho tunaanza daftari jipya, tunapima kwa fimbo moja, kila mmoja kwa zamu, na anayetilia shaka hesabu ya mwalimu anaruhusiwa kuipima upya mbele yake.

Pumzika, Baba yangu. Nakuahidi sitapima tena peke yangu. Nikikosea, nataka awepo wa kunizomea.

Mwanao,
Zuhura