Kilomita Mbili

Tarehe 9 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke nyumbani

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka chumba changu cha ghorofa ya nne, ambako bado nipo na bado napumua bila kusaidiwa. Goti lako linaendeleaje, bado linakununia asubuhi? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, ila macho. Herufi ndogo nazisoma kwa kubahatisha, kama makarani wetu wa zamani.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama penye sinki, bomba liko wazi, nimelisahau. Huku maji hutoka tu, na hakuna anayeyashukuru.

Unaniambia afisa mipango mpya wa mkoa alikuja shuleni na mafaili kueleza mpango wa maji, na kwamba kijiji chetu hakimo tena katika miradi itakayopewa fedha, kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha maji yenu yako kilomita mbili tu. Wanawake wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Jirani yetu mfinyanzi akamwambia afisa avue viatu vyake vyeupe, abebe ndoo, waende pamoja hizo kilomita mbili. Akirudi kabla ya adhuhuri, yeye mwenyewe atamwosha miguu, kama maji yatabaki. Kisha ukaniuliza mimi, niliyefanya kazi katika ofisi hizo, ni nani aliyeandika kilomita mbili, na alipimia kamba gani.

Nitakujibu, lakini kwanza ujue orodha ilivyotengenezwa. Kila miaka mitano vijiji viliomba maji, nasi tukavipa alama: idadi ya watu, wagonjwa wa kuhara, umbali wa kuteka. Umbali ndio uliobeba alama nyingi. Vijiji vikapangwa kama wanafunzi baada ya mtihani, fedha zikagawiwa kuanzia juu mpaka ziishe. Waliobaki chini ya mstari waliambiwa wavute subira.

Mwaka ule nilioipanga orodha mimi, kijiji chetu kilishika nafasi ya kwanza. Nilipima mwenyewe kwa lile gurudumu la kupimia, kutoka mlangoni kwa mama hadi kisima cha bondeni: kilomita saba na mita mia mbili. Ulinifuata na ndoo kichwani, ukaniuliza kama hilo gurudumu langu linajua kubeba au linajua kuhesabu tu.

Nilipoipeleka orodha, mkuu wa mipango aliisoma, akawageukia wenzangu, akasema kumbe bwana huyu kaanza kwa mama yake. Wakacheka. Alikuwa akitania tu. Papo hapo aliagiza orodha ipigwe chapa. Lakini mimi ndiye waliyemwita Mizani, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyostahili. Nikaomba nirudi nayo mezani kwangu, nihakikishe kitu kimoja. Nikafunga mlango. Nikafuta saba na mita mia mbili, nikaandika mbili.

Ni mimi, mdogo wangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilijiambia kinyozi hajinyoi, na kwamba sisi tutapata awamu ijayo. Tukashuka hadi nafasi ya kumi na moja. Fedha ziliishia ya tisa. Awamu ijayo ilipofika mimi nilikuwa nimeshakimbia, na hakuna aliyepima tena. Karani alinakili karatasi ya zamani, na wa baada yake akanakili ya kwake. Wamebadilisha mawaziri, majengo na hata rangi ya mafaili. Ile mbili yangu imebaki.

Mwaka mmoja baada ya kuifuta ile saba, nikiwa bado ofisini, mama aliteleza bondeni na ndoo, akavunjika nyonga, nawe ukaacha chuo cha ualimu ili uteke maji. Nilikuja, nikakushika mkono, nikakwambia ni mipango ya Mungu. Ulinishukuru.

Najua wajukuu umewafundisha kwamba babu yao alilazimika kuikimbia nchi kwa kukataa kusaini kuwa visima kumi na viwili vimechimbwa, ilhali aliona vitatu. Hilo ni kweli. Waongezee na hili. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki; haya yetu hayakupata hata nafasi ya kumwagika.

Humu ndani nimeweka ukurasa wa daftari langu la vipimo la siku ile, na maelezo niliyoyasaini mbele ya mwanasheria. Mwenyekiti apeleke nakala, zile halisi zibaki kwako. Ofisini karatasi hupotea kwa upole sana.

Msalimie shemeji, na mfinyanzi umwambie nimecheka, ingawa si kwa muda mrefu. Umesema chumba cha mama mmekipaka chokaa, na maji yakifika mimi ndiye nitakayefungua bomba la kwanza. Lifungue wewe. Waliokuwa wakinitafuta wamekwisha kufa, na njia iko wazi.

Sitarudi.

Kaka yako