Mshipa wa Mkongwe

Jumatatu, 4 Machi

Nimepanda mlimani leo. Daktari alisema miezi mitatu nisibebe kitu wala nisipande popote, na miezi mitatu imeisha juzi. Kukaa ndani kumenichosha. Nimeshapanga makopo ya jikoni kwa ukubwa, kisha nikayapanga upya kwa rangi, mpaka mume wangu akaniuliza kama nafungua duka. Watu wote wanamwita Fundi kwa sababu ya useremala wake, na mimi pia namwita hivyo hivyo.

Mkongwe, mti wetu wa urithi, anapukutisha majani. Si msimu wake! Juu kote njano. Msandarusi mwenye afya hawi vile.

Nikazunguka shina. Upande wa mawio ni wa Kaka, upande wa machweo ni wangu — ndivyo Baba alivyotugawia. Kila mmoja anagema kwake, utomvu unaganda, tunauza sandarusi kwa watu wa vanishi. Nyuma kuna kovu la radi, pamekufa tangu sijazaliwa. Mbele, kati ya majeraha ya Kaka na yangu, tunaacha ukanda wa gome wenye upana wa kiganja, kutoka mizizini hadi matawini. Tunauita mshipa. Mti unakula kupitia hapo. Hapaguswi.

Mshipa haupo. Umechongwa ukaisha, jeraha la Kaka limekutana na langu. Nimepapasa pale kwa mkono. Pakavu.

Kaka. Nani mwingine?

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda gereji kwake. Nilipanga kuongea taratibu. Njiani nilikuwa hata nimechagua maneno, maneno mazuri tu. Nilipomwona ameinama juu ya pikipiki anapiga mluzi, yakanitoka mengine kabisa, mbele ya wateja wake.

Nikamwambia kamuua Mkongwe. Nikamwambia hakuniheshimu hata na kidonda changu — mimi nimelazwa, nimetolewa kidole tumbo, yeye huku anajigemea anavyotaka. Akasema, mimi? Mti wa Baba? Nikamwambia kila mtu anajua msandarusi ulio hai haukatwi, ni marufuku, lakini ukifa wenyewe kibali kinatoka. Na wanunuzi wa mbao wamekuwa wakipita hapa gereji, usidhani hatuwaoni.

Akakasirika sana. Akatupa spana kwenye sanduku. Akasema wanunuzi wa mbao nao wana pikipiki, zinaharibika, awafukuze? Wifi akatoka na chai, akatusikia, akageuka nayo ndani.

Nimerudi nyumbani. Fundi alikuwa anapiga randa. Nikamweleza Kaka kaukata mti. Akasikitika, akasema pole mke wangu, akaendelea na mlango wake.

Alhamisi, 7 Machi

Bwana Miti amekuja, afisa wa misitu. Nilimpigia simu mara nne mpaka akachoka. Alipanda na soksi zake nyeupe, akashuka nazo za kahawia, wala hakulalamika. Namshukuru.

Alikwangua gome chini ya jeraha: mbichi. Akakwangua juu yake: unyevu kidogo tu. Majani yanakunywa akiba, anasema. Mizizi haipati chakula. Akiba ikiisha, basi.

Akakaa kwenye jiwe, akaniambia jambo ambalo nalijua lakini sikuwahi kulisikia likisemwa. Milima yote ya upande huu haina msandarusi mwingine unaozaa. Iliyobaki ni michanga, mingine imekatwa. Miche yote iliyoko kitaluni kwao ni watoto wa Mkongwe. Akifa huyu, mbegu zitaanguka mara moja ya mwisho na ndiyo imetoka hiyo.

Kuna njia. Daraja. Unakata vijiti vibichi vya matawi ya chini, unachomeka ncha moja chini ya jeraha na nyingine juu yake, ndani ya gome, unafunga na mpira, unaziba na nta. Kikishika, chakula kinapita. Amefanya kwenye michungwa, ikapona. Kwa mti mkubwa hivi hajawahi. Inataka watu wawili, mmoja juu ya ngazi mmoja chini, wachomeke kwa pamoja kabla kijiti hakijakauka. Na wawe wanaujua mti wenyewe, mkono usikosee.

Nikasema niko mimi. Akauliza, na kaka yako? Nikaangalia viatu vyangu.

Jumamosi wiki ijayo anarudi. Akikuta hakuna kilichofanyika atauandika mti mfu na kuugonga nyundo ya alama. Hana la kufanya, anasema, ndiyo kazi yake. Wenye misumeno wataletewa kibali siku hiyo hiyo.

Ijumaa, 8 Machi

 Nimefua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumapili, 10 Machi

Kwa Mama. Alituita wote wawili, hakumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja. Mjanja yule mama! Tukakaa meza moja, mimi mwisho huu, Kaka mwisho ule, chumvi ikawa inapitia kwa Fundi.

Mama akala mpaka akamaliza. Kisha akasema baba yenu nilimwambia, wape miti miwili, akajibu mti mmoja utawaweka pamoja. Haya, mmewekwa pamoja. Akaondoa sahani.

Kaka alisema neno moja tu. Aliniuliza, polepole, kama nimeliangalia vizuri lile jeraha. Nikamjibu nimeliangalia mpaka macho yakauma, limenyooka kama rula, mtu kafanya kwa nafasi yake na kwa kusudi. Akaweka kijiko chini. Alikuwa na uso ambao sijauona tangu msiba wa Baba. Akatoka, nikasikia pikipiki.

Nilidhani nitajisikia vizuri. Sijajisikia vizuri.

Jumanne, 12 Machi

Nimejaribu peke yangu. Ujinga mtupu. Nikichomeka chini, juu kinachomoka. Nikipanda juu, chini kimeshakauka. Vijiti sita vimeharibika, na vya kufaa si vingi. Mshono unavuta.

Kisu changu pia ni kinene, kinapasua gome badala ya kuliinua. Nahitaji kitu chembamba. Kesho nimwombe Fundi patasi.

Jumatano, 13 Machi

Niandike taratibu.

Niliingia karakana baada ya chakula cha mchana. Nikamwambia nataka patasi nyembamba, ya kuingia chini ya gome bila kulivunja. Hakuinua hata kichwa. Akasema chukua ile yenye mpini mwekundu, ndiyo niliyotumia kwenye mti wenu.

Nikasema, lini?

Akasema si ulipokuwa umelazwa. Mimi nilijua alikwenda kuniokotea yaliyoganda, basi. Kumbe alinigemea kabisa. Alimwona mtu jirani anavyogema, akaona si kazi ngumu, akataka nikirudi nikute makopo yamejaa, nifurahi. Na palikuwa na kipande cha gome kimebaki katikati, kimekaa vibaya, kama ndevu mtu alizosahau kunyoa. Akakinyoosha. Alilisema hilo kwa fahari kidogo. Alikuwa anasubiri nimsifu, naona, tangu Desemba.

Nikakaa kwenye stuli yenye gundi.

Limenyooka kama rula. Mimi mwenyewe nilisema, mezani kwa Mama. Kaka hajawahi kunyoosha kitu maishani mwake! Hata godoro analitandika upande. Nilikuwa na macho ya nini?

Alhamisi, 14 Machi

Tumeongea mimi na Fundi tangu asubuhi, mlango wa karakana umefungwa, wateja wanagonga wanaondoka.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza siku zote hizi nikimtukana Kaka. Akasema nilimwambia Kaka kaukata mti, akajua kaukata kwake, huko upande wake, na shemeji mtu haingii kwenye ugomvi wa mti wa baba yenu. Sikuwahi kumtajia mshipa. Nikataka kusema nilimtajia. Nikatafuta lini. Hakuna.

Wakwe hatuwaambii. Ndivyo tulivyolelewa. Baba alitupeleka mmoja mmoja, akauweka mkono wako juu ya gome, akasema hapa mti unakula, na jambo hili linabaki kwa watoto wangu. Wakwe wakijua pa kumgusa Mkongwe, siku moja wakikosana nasi watajua pa kumuulia. Wifi hajui. Fundi hakujua. Miaka kumi na moja nimelala kitanda kimoja na mtu huyu, namweleza mpaka ndoto zangu, na hilo sikumwambia. Baba aliogopa mtu mbaya. Akaja mtu mwema na patasi.

Nilipomweleza, alikaa chini kwenye maranda. Kisha akalia. Sijazoea kumwona akilia, nikachanganyikiwa, nikaanza kuokota maranda sakafuni kwa mkono. Akasema anakwenda gereji sasa hivi, anamwambia shemeji yake ukweli, iishe.

Nikamwambia ngoja.

Kwa nini nimesema ngoja? Nimejiuliza mchana kutwa. Nilijiambia ni kwa ajili yake, Kaka ana hasira, watagombana, na daraja halijengwi na watu wanaogombana. Sababu nzuri. Ningemwambia mtu angekubali. Lakini nikifumba macho siuoni uso wa Fundi, naona wateja wa gereji waliokuwa wananisikiliza. Naona aibu. Hiyo ndiyo sababu, na naiona vizuri, na bado nimesema ngoja.

Ijumaa, 15 Machi

Bwana Miti amepiga simu. Kesho saa nane mchana yuko huku. Ameuliza nimefikia wapi. Nimesema naendelea vizuri.

Fundi yuko karakana. Anapiga randa ubao ule ule tangu jana. Umekuwa mwembamba mpaka haufai tena.

Nimetoka mara tatu kwenda gereji. Mara ya kwanza nikarudi langoni. Mara ya pili nikafika kwenye kona, nikanunua kiberiti nisichokihitaji. Mara ya tatu nilimwona kwa mbali, yuko peke yake, pikipiki zimelala, hafanyi kitu. Kaka bila kazi mkononi! Nikaogopa, nikarudi.

Kesho alfajiri nitamwambia. Lazima, kabla Bwana Miti hajafika.

Jumamosi, 16 Machi

Amenitangulia.

Ni saa moja hii, naandika nimesimama chumbani. Nilikuwa najiandaa kutoka niliposikia pikipiki. Kaka. Ngazi ameifunga ubavuni, mfuko wa vijiti vibichi begani — amepanda huko na giza kuvikata, amevifunga kwenye kitambaa kilicholowa, ncha zote amezichonga tayari. Mikono yake mizito ile. Vimechongwa vizuri kuliko vyangu.

Hakukaa. Alisimama mlangoni, Fundi yuko pale na randa mkononi, akaniambia dada, ni mimi.

Akasema alikataa kwa sababu alikuwa na hakika. Halafu nilivyosema kwa Mama kwamba nimeliangalia mpaka macho yakauma, akaanza kufikiri. Desemba alipanda jioni moja, mara yake ya mwisho, mvua inakuja, akawa anagema harakaharaka. Aligema hadi ukingoni. Akajaribu kukumbuka alipoishia na hawezi. Siku sita hajala vizuri. Anasema nisingemlaumu hadharani vile kama sina hakika, ananijua mimi. Kwa hiyo ni yeye. Akampigia Bwana Miti, akaelezwa habari ya daraja na saa ya leo. Ameshamwambia wifi. Jana ameshamwambia Mama, na Mama amelia. Hata wale wateja amewaambia, wasije wakaniona mimi ndiye mkorofi.

Akasema nisamehe. Kaka yangu mkubwa, ambaye hajawahi kuniomba hata maji bila kuamrisha.

Nilifungua mdomo. Nikasema ngazi hiyo inatosha urefu?

Akafurahi! Akadhani nimesamehe. Akasema inatosha, nimepima, wewe utakaa chini kwa sababu ya mshono, mimi nitakaa juu, tukianza sasa tutamaliza vijiti vyote kabla Bwana Miti hajaja. Akatoka kufunga kamba vizuri.

Fundi ameweka randa chini. Amenifuata chumbani. Ananiangalia mimi.

Nikimwambia Kaka sasa, mikono yake itatetemeka huko juu. Nisipomwambia, atachomeka kila kijiti akijua ni yeye aliyemuua Mkongwe, nami chini yake nimeshika ncha ya pili. Na kikishika, tutashangilia pamoja, na nitamwambiaje tena?

Anaita. Anauliza nakawia nini, jua linapanda, vijiti vitakauka.

Nimemjibu nakuja, navaa viatu.

Viatu nimeshavaa.