Maksai Wangu Wamekwenda Kasoli

Ngulyati, Bariadi
Jumapili, 17 Novemba 2024. Asubuhi kavu, upepo wa vumbi. Mawingu yamekaa mbali, upande wa ziwa.

Mpendwa mama mdogo Felisita,

Mwangaluka, mayu. Mguu unaendeleaje kwenye baridi hiyo ya Njombe? Sisi tunaamka. Anna amefaulu darasa la saba, anasubiri kupangiwa shule.

Ulifurahi nilipokuandikia habari za maksai wangu wawili. Ule mfuko wa Kiislamu wa mjini ulinipokea na Ukatoliki wangu. Hawakunipa fedha. Walinunua maksai wenyewe mnadani, wakaniuzia kwa faida waliyoitaja wazi, nilipe kidogo kidogo kila nikiwalimia watu, bila riba. Mkataba una jina langu peke yangu.

Bi Zuhura, afisa wao, alinishauri nijenge zizi langu. Niliona ni kumtukana baba mkwe. Nikawalaza kwake, kama mke yeyote wa hapa angefanya.

Alhamisi baba mkwe aliwatoa kuwa mahari ya shemeji yangu Masunga. Wamekwenda Kasoli, kwa kina bibi harusi.

Nilimpelekea mkataba, hakuushika. "Mama Anna, hao ng'ombe walikuwa wanalala zizi la nani?"

Wifi Kija akacheka. "Sisi ndio tulitoa ng'ombe kukuleta hapa. Leo na wewe una ng'ombe?"

Mume wangu alikuwepo. Alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena.

Bi Zuhura alifika jana. Alisema deni halitaongezeka hata nikichelewa. Alisema kwa upole, nami nikatamani angenifokea. Deni limesimama, lakini nitalilipa kwa kitu gani? Milembe, aliyenidhamini, hapati zamu yake ya kununuliwa kitu na mfuko mpaka nimalize, na alikuwa ameshachagua cherehani. Leo kisimani amenipita kama hajaniona.

Harusi ni Jumamosi. Nimepangiwa kupika wali. Nitapika.

Tafadhali usimwambie mama. Atasema nirudi nyumbani, na nikirudi watataka warudishiwe ng'ombe walionioa nao. Mama hana hata ndama.

Nisalimie baba mdogo Januarius, na Joyness na mapacha wake. Mungu akuponye mguu, akutunze huko uliko.

Mwanao akupendaye, asiyekuficha kitu,
Nancy

Jumatatu, 18 Novemba. Barua niliimaliza jana usiku; nilipoweka kalamu tu, mvua ya kulimia ikaanza. Majirani waliamka kutayarisha nira, nikawasikia wakiitana kwa furaha. Plau yangu ilikuwa nje, ikilowa, sikuiingiza. Nilipata usingizi saa kumi alfajiri.