Wazee wa Kichakani

Mjukuu wangu mpenzi Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Kisarawe tu wazima, na mama yako amerejea kazini Tumbi.

Umeuliza ni nani aliyelazimisha kichaka cha kobe kiachwe. Hakuna. Nilipokuwa msichana, kobe walikuwa wamekwisha adimika, na jirani yetu Maganga, Mnyamwezi mwenye ng'ombe, alitaka kukichoma apate malisho. Ardhi ilikuwa yake. Baba yangu, Mzaramo, akamwendea kwa utani.

"Mtani, humo wanaishi wazee wangu. Huoni makunyanzi yao?"

"Kumbe! Ndiyo maana Wazaramo mnachelewa kufika shambani!" Maganga akacheka. "Basi, nipe njia ya ng'ombe kwenda mtoni, nami nitawaachia wazee wako kichaka."

Wakapeana mikono. Njia ile bado inapita shambani kwetu.

Maganga sasa ni marehemu. Juzi niliona moshi upande wake, nikaenda upesi. Nilimkuta mwanawe amefyeka nyasi kukizunguka kichaka, ili moto aliowasha malishoni usikifikie.

"Shikamoo, mtani," akasema. "Wazee wako hawajambo."

Ukija likizo, tutakwenda pamoja kuwaamkia.

Bibi yako akupendaye